Kugawa Magari Machache kwa Watu Wengi: Mwongozo Kamili kwa Anayesimamia Huduma ya Magari ya Pamoja

Ilikuwa Ijumaa saa 3 asubuhi. Magari 4 kati ya 6 ya kikundi chetu cha magari ya pamoja yalikuwa yameegeshwa uani, milango imefungwa, funguo ziko kwenye kisanduku. Skrini ilisema yote yamebukiwa. Mbele yangu alisimama mwanachama aliyetaka kumpeleka mama yake hospitali, na magari alikuwa anayaona kwa macho yake. Akaniuliza, "Sasa haya mmeyaweka ya maonyesho?" Sikuwa na jibu.

Miaka niliyoshika daftari la magari ya kikundi kile imenifundisha kwamba ugomvi mwingi hauletwi na uchache wa magari. Unaletwa na kanuni zinazomfaa aliyepata na kumsahau aliyekosa. Aliyepata gari ana risiti, kilomita na jina kwenye mfumo. Aliyekosa hana alama yoyote, anaondoka zake. Ukipanga huduma kwa kuangalia safari zilizofanyika tu, utakuwa unawapangia walewale kila mwezi.

Mwongozo huu unamfaa anayesimamia magari 2 ya majirani 20, na anayesimamia mamia ya magari ya kampuni. Ninazitaja hatua kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo. Mpangilio wenyewe una maana: bei, ambayo wengi huikimbilia kwanza, hapa inasubiri hadi hatua ya 6.

Kabla ya yote: jua ugonjwa wako

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1948, mjini Zurich, watu wasiomudu kununua gari kila mtu na lake walianzisha ushirika ulioitwa Sefage, wakawa wanatumia magari kwa zamu. Tangu wakati huo zimeenea namna 3, na kila moja ina maradhi yake.

Namna ya kwanza ni gari la kurudishwa pale pale lilipochukuliwa. Mobility, ushirika wa Uswisi uliozaliwa mwaka 1997 kwa kuungana kwa vyama viwili vilivyoanzishwa 1987, umekua hasa kwa mtindo huu. Hapa gari halihami, shida ni muda: kila mtu analitaka Jumamosi asubuhi, Jumanne usiku halina mwenyewe. Namna ya pili ni kutoka kituo kimoja hadi kingine. Shida yake ni mahali: asubuhi magari yanaelekea kwenye maofisi, vituo vya makazi vinabaki vitupu, jioni mambo yanageuka. Namna ya tatu ni gari huru, linaloachwa popote ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani, kama huduma ya car2go ilivyoanza majaribio katika mji wa Ulm, Ujerumani, mwaka 2008. Hii hubeba maradhi yote mawili kwa pamoja.

Ukiwa na namna ya kwanza, usihangaike na mbinu za kuhamisha magari. Ukiwa na ya tatu, usidhani utaratibu mzuri wa kubuki utakuokoa.

Hatua ya 1: Hesabu waliokosa

Fungua daftari, au jedwali la kompyuta, lenye safu 6: siku na saa ombi lilipokuja, siku na saa gari lilipohitajika, kituo, muda uliotakiwa, kwa nini alikosa, alifanya nini baadaye. Safu ya mwisho ndiyo dhahabu. Alisogeza saa? Alichukua gari la kituo cha jirani? Alikata tamaa? Wa mwisho huyo ndiye anayekwambia ukubwa wa tatizo.

Kama mna programu ya simu, usihesabu mibonyezo ya "buki" peke yake. Hesabu pia waliofungua kutafuta, wakaona hakuna gari, wakafunga. Tahadhari: mtu mmoja akitafuta mara 7 ndani ya dakika 10 huyo ni ombi moja, si 7. Unganisha utafutaji wote wa mtu mmoja kwa siku moja, la sivyo utanunua gari la kumhudumia mtu mwenye kidole chepesi.

Kama mnatumia simu na kundi la ujumbe, mwenye zamu ya kupokea simu aandike kila "samahani, hakuna". Inachosha, najua. Wiki 6 zinatosha kuanza, mradi ndani yake kuwe na mwisho wa mwezi mmoja na angalau sikukuu moja.

Hatua ya 2: Tenganisha uhaba wa kweli na uhaba wa karatasi

Sasa chukua daftari la waliokosa ulilinganishe na mwendo halisi wa magari saa zile zile. Nilipofanya hivyo kwa ile Ijumaa, gari namba 4 lilisomeka hivi: limebukiwa saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Limefunguliwa saa 8:40 mchana. Limekwenda kilomita 11. Limerudi saa 9:25. Saa 10 zimezuiwa, dakika 45 zimetumika.

Mwanachama yule hakuwa mtu mbaya. Mtu akishajua maji hukatika, hujaza kila ndoo iliyomo nyumbani, na ndivyo wanachama wetu walivyokuwa wakijaza siku nzima kwa safari ya saa moja, "isije ikatokea". Uhaba wa karatasi hujizaa wenyewe: watu wanahodhi kwa sababu wanaogopa kukosa, na wengine wanakosa kwa sababu watu wanahodhi. Kuwahubiria ni kazi bure. Dawa ni kuwaondolea sababu ya kuhodhi, na kufanya kuhodhi kuwe na gharama.

Kanuni zilizotusaidia ni hizi. Saa zilizobukiwa zinalipiwa hata zisipotumika, ila mwanachama akirudisha gari mapema, saa zilizobaki anarudishiwa. Kughairi ni bure hadi saa 24 kabla ya safari. Baada ya hapo unalipa, isipokuwa mwingine akilichukua gari hilo, hapo unarudishiwa zote. Gari lisilofunguliwa dakika 30 baada ya saa yake linaachiwa lenyewe, na mwenye buki hiyo anapata ujumbe dakika 10 kabla. Na hakuna anayeruhusiwa kuwa na buki zaidi ya 3 zinazosubiri kwa wakati mmoja.

Ningelazimishwa kubakiza moja tu, ningebakiza ile ya kurudishiwa pesa mwingine akichukua gari. Inamgeuza anayeghairi kuwa wakala wako: ataandika kwenye kundi, atampigia jirani, atahangaika gari lipate mtu. Faini tupu humfanya anyamaze, gari likalala.

Usisahau kuacha pengo kati ya buki na buki, dakika 15 hadi 30 kulingana na foleni za kwenu. Pengo linaonekana kama upotevu kwenye jedwali, lakini bila hilo aliyechelewa dakika 10 anaharibu siku ya watu watatu wanaomfuata.

Fanya haya kabla ya kununua gari lolote.

Hatua ya 3: Andikeni maana ya haki kabla ugomvi haujaja

Kila mtu anasema anataka haki, ila ukiwauliza wanachama watano utapata haki tano. Kuna ya aliyewahi, ya mwenye shida zaidi, ya zamu, ya kura, na ya mwenye pesa. Kila moja ina mahali pake, na kila moja ina watu inaowaumiza kimyakimya.

Aliyewahi ndiye anayependwa na mifumo kwa kuwa ni rahisi kuprogramu. Inaonekana haina upendeleo. Lakini nani anaweza kuwahi? Ni yule anayejua ratiba yake ya mwezi ujao. Muuguzi anayepangiwa zamu Jumapili kwa wiki inayoanza Jumatatu hawezi. Fundi anayeitwa kazini asubuhi ya siku yenyewe hawezi. Kanuni ya aliyewahi ni upendeleo kwa wenye maisha yaliyopangika, na chelewa chelewa hapa haimkuti mzembe, inamkuta mwenye kazi ya zamu.

Mwenye shida zaidi inasikika vizuri hadi siku utakapokaa meza moja na watu wawili, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana msiba, na wewe ndiye hakimu. Tulijaribu kudai barua za hospitali. Ilikuwa aibu tupu: watu walikuja na karatasi za siri zao kwa ajili ya gari la saa mbili. Tukaiacha.

Tulichokubaliana, na ambacho ningekipendekeza popote, ni mchanganyiko.

Siku za kawaida hutawaliwa na aliyewahi, lakini kwa madirisha mawili. Nusu ya magari hufunguliwa kubukiwa siku 30 kabla, nusu nyingine siku 3 kabla. Wenye ratiba ndefu wana dirisha lao, wenye kazi za zamu wana lao. Dirisha lisifunguke saa 6 usiku, maana utawapa magari wasiolala. Fungua saa ya kawaida, na uibadilishe kila wiki: mara asubuhi, mara jioni.

Dharura iwe na gari moja linalozuiwa hadi zibaki saa 3 kabla ya muda wake, kisha linaachiwa kwa yeyote. Badala ya ushahidi, kila mwanachama ana tiketi 2 za dharura kwa mwaka, haulizwi chochote. Atakayezitumia kwenda harusini, shauri yake: zikiisha zimeisha. Hii imepunguza uongo kuliko barua zote tulizowahi kuzisoma.

Sikukuu ziende kwa kura yenye kumbukumbu. Kila anayeomba ana tiketi 1. Akikosa, sikukuu inayofuata anaingia na 2, akikosa tena 3. Akipata, anarudi 1. Chukua mfano: magari 2, waombaji 5. Watatu wana tiketi 1 kila mmoja, mmoja ana 2 na mwingine ana 3, jumla 8. Aliyekosa mara mbili mfululizo anaingia kwenye droo ya kwanza na nafasi 3 kati ya 8. Wale wapya wana 1 kati ya 8 kila mmoja. Hakuna aliyehakikishiwa, lakini bahati mbaya haimng'ang'anii mtu mmoja. Droo ifanyike hadharani, na orodha ya tiketi ibandikwe kabla, siyo baada.

Andika yote haya kwenye ukurasa mmoja. Ukishindwa kuyaeleza kwa ukurasa mmoja, yamezidi.

Hatua ya 4: Magari mangapi, na yawekwe wapi

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata wataalamu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kanuni ya kukokotoa ni wapigaji wangapi watakosa laini kwa idadi fulani ya laini. Badala ya laini weka gari, kanuni inafanya kazi hiyo hiyo, mradi watu wanakuja kwa nyakati za kubahatisha na aliyekosa anaondoka.

Tuseme maombi yanayokuja yangetosha kulishughulisha kila gari asilimia 60 ya muda. Kituo chenye gari 1 kitawakosesha asilimia 37.5 ya waombaji. Kituo chenye magari 5, kwa uwiano uleule, kitawakosesha kama asilimia 11. Chenye magari 10, asilimia 4 na kidogo. Uwiano ni ule ule, watu wanahudumiwa tofauti kabisa. Sababu ni kwamba penye magari mengi, moja likiwa safarini mengine yapo, penye moja likitoka hakuna lililobaki.

Sasa fikiria mkuu wa kampuni anayeangalia ripoti yenye "matumizi kwa gari" pekee. Ataona vituo vyote viko sawa, wakati watu wa pembezoni wenye gari moja wanarudishwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Ili kituo cha gari moja kiwakoseshe watu kwa kiwango kile kile cha kituo cha magari 5, maombi yake hayapaswi kuzidi takriban asilimia 12 ya muda. Kwa hiyo usiweke lengo moja la matumizi kwa vituo vyote. Weka lengo moja la kukosa.

Una gari moja jipya, ulipeleke wapi? Kituo kikubwa chenye magari 10 kinapata maombi 1,000 kwa mwezi, kidogo chenye gari 1 kinapata 100. Wengi watalipeleka kikubwa. Ukikokotoa kwa kanuni hiyo, gari la 11 litapunguza waliokosa kutoka 43 hadi 23, yaani watu 20. Gari la pili kwenye kituo kidogo litawapunguza kutoka zaidi ya 37 hadi 10, yaani watu 27. Hata bila kuingiza huruma, kituo kidogo kimeshinda. Ukiwa na gari lisilotosheleza pande zote, angalia pia vituo viwili vilivyo umbali wa kutembea: vioneshe kama kundi moja kwenye programu, aliyekosa huku aoneshwe kule papo hapo.

Hatua ya 5: Kama magari yanahama

Wenye magari ya kurudishwa pale pale waruke hatua hii.

Witkar, gari dogo jeupe la umeme lililoanza Amsterdam mwaka 1974 kwa wazo la Luud Schimmelpennink, lilikuwa la kutoka kituo hadi kituo. Vituo vilibaki vichache, mpango wa kuvieneza mji mzima haukutimia, na miaka ya 1980 likaisha. Autolib, huduma ya magari ya pamoja ya Paris iliyoanza Desemba 2011, ilikuja na ukubwa mwingine kabisa, na ilimruhusu mtumiaji kubuki nafasi ya kuegesha huko aendako. Jambo hilo la kubuki mwisho wa safari linadharauliwa. Gari lisilo na mahali pa kushukia ni mtu anayezunguka mitaa huku saa inahesabu pesa yake. Hata hivyo Autolib nayo ilifungwa mwaka 2018, kwa hiyo mbinu moja nzuri haitoshi kuibeba huduma.

Kila kituo kiwekee sakafu na dari. Kituo cha nafasi 8, kwa mfano: magari yasipungue 2, yasizidi 6. Yakikaribia sakafu au dari, mfumo uanze kusukuma. Kwanza kwa hisani: safari inayoelekea kituo kikavu ipate punguzo, inayoelekea kilichofurika isipate. Wapo watakaotembea dakika 5 zaidi kwa ajili ya dakika 15 za bure. Isipotosha, wafanyakazi wahamishe, na wahamishe usiku au saa ambazo gari haligombaniwi. Kumbuka kila dereva anayepeleka gari lazima arudi. Wawili wawili na gari moja la kurudia, au baiskeli ya kukunja kwenye buti, hupunguza gharama kuliko teksi.

Jihadhari na jambo moja. Ukiwaachia wahamishaji wafuate mapato, magari yataishia mitaa yenye safari ndefu na watu wanaolipa bila kuuliza. Ratiba ya uhamishaji ifuate daftari la waliokosa.

Na gari lenye chaji asilimia 12 si gari. Mfumo utaliorodhesha kama lipo, mtu atatembea kulifuata, atakuta haliwezi kufika aendako. Yahesabu magari kwa kilomita yanazoweza kwenda. Anayechomeka chaji kwenye gari lililo chini ya kiwango apewe dakika. Kwa ya mafuta, kanuni ya kurudisha na angalau robo tangi bado haijapata mpinzani.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo bei

Kupandisha bei saa za kugombaniwa kunafanya kazi. Sitakuficha hilo. Wasio na haraka watasogea, gari litapatikana. Swali ni nani aliyesogea: asiye na haraka, au asiye na pesa? Kwa nje wanafanana.

Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya kuwauliza watu nchini Canada kuhusu duka lililokuwa likiuza beleshi la theluji kwa dola 15, asubuhi baada ya theluji kubwa likapandisha hadi 20. Asilimia 82 walisema si haki. Kiuchumi duka halikukosea, mabeleshi yalikuwa machache. Watu hawakuchukia bei, walichukia kuuziwa shida yao. Desemba 2014, wakati wa utekaji kwenye mkahawa katikati ya Sydney, bei za Uber zilipanda zenyewe huku watu wakikimbia eneo hilo. Kampuni ikaishia kurudisha nauli. Hakuna mtu aliyebonyeza kitufe cha "panda", na hilo ndilo lililokuwa kosa: hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo, ukitumia bei, shika haya. Weka bei ya kawaida kuwa ile ya saa za kugombaniwa, kisha toa punguzo saa tulivu. Hesabu ni ile ile, lakini mmoja anajiona ameongezewa, mwingine amepunguziwa. Ratiba ijulikane mwezi mzima kabla, isiwe ya kubadilika kila dakika. Bei aliyobukia mtu ndiyo atakayolipa, hata mambo yakibadilika. Weka dari: mimi nisingepita mara 1.5 ya bei ya chini. Na awepo mtu, kwa jina na namba ya simu, mwenye mamlaka ya kuzima nyongeza zote mara moja yanapotokea mafuriko, moto au vurugu.

Kinachopatikana kwenye nyongeza kisiingie kwenye mfuko wa jumla. Kipelekwe kwenye saa za bure kwa wanachama wa kipato kidogo, na kiasi chake kibandikwe. Mtu akiona nyongeza aliyolipa imemlipia mwingine safari, hunung'unika kwa sauti ya chini.

Hatua ya 7: Wachelewaji

Mtafiti Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofanikiwa kugawana maji, misitu na samaki kwa vizazi. Kimojawapo cha alivyoviona ni adhabu zinazoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Kwenye magari ni hivi: mara ya kwanza ujumbe unaomwambia ni nani aliyesubiri na kwa muda gani. Mara ya pili faini. Mara ya tatu ndani ya miezi 6, anapoteza dirisha la siku 30, anabaki na la siku 3. Kumfukuza kuwe mbali sana.

Faini iende kwa aliyesubiri. Ikiingia kwenye kasha la ofisi, ofisi inafaidika na uchelewaji na aliyeumia bado hana kitu. Tulipobadilisha hili, malalamiko ya wachelewaji yaliisha, kwa sababu ni vigumu kulalamika kwamba umemlipa mtu uliyemsimamisha juani dakika 40.

Anayepiga simu mapema kusema "nitachelewa" alipe nusu. Unataka simu hiyo kuliko faini.

Hatua ya 8: Wasiofika hata kwenye daftari

Wapo ambao hawakuombi gari kwa sababu mlango umefungwa tangu nje. Amana kubwa ya kujiunga. Programu isiyofungua kwenye simu za zamani. Kadi ya benki kuwa sharti. Gari lisilo na nafasi ya kiti cha magurudumu. Kituo chenye giza ambako mwanamke hawezi kwenda kuchukua gari saa 3 usiku. Hawa hawatatokea kwenye hesabu yoyote niliyoieleza hapo juu, na ukifurahia asilimia yako ndogo ya waliokosa utakuwa unajidanganya.

Nenda ukaulize. Mara mbili kwa mwaka, ongea na watu 10 wanaoishi karibu na kituo na si wanachama. Usiwape fomu. Waulize mara ya mwisho walipohitaji gari walifanya nini. Amana inaweza kulipwa kidogo kidogo, buki inaweza kupokelewa kwa simu ya kawaida, taa inaweza kuwekwa. Mengi ya haya ni nafuu kuliko gari jipya.

Hatua ya 9: Kagua na ubadilishe bila kuvuruga

Kila mwezi toa namba 4 tu: asilimia ya waliokosa kwa kila kituo (siyo wastani wa vyote), saa zilizobukiwa bila kutumika, sehemu ya saa za kugombaniwa iliyochukuliwa na wanachama 10 wanaotumia zaidi, na muda wa kusubiri wa aliyecheleweshwa kuliko wote. Ya tatu huwashtua watu. Ukiona wachache wanakula nusu ya Jumamosi zote, usiwashambulie, angalia kwanza kanuni gani imewafungulia mlango. Mara nyingi ni dirisha la kubuki.

Ukibadilisha kanuni, tangaza siku 30 kabla, na buki zilizokwisha wekwa zibaki chini ya kanuni ya zamani. Jaribu kwenye kituo kimoja au magari mawili kwa wiki 6, na andika mapema ni namba gani ikishindwa kushuka utaiondoa kanuni hiyo. Kwetu, muda wa gari kuachiwa lenyewe ulianza dakika 20. Namba za saa zilizolala zilishuka vizuri, lakini wanachama wawili walifika wanahema na kukuta gari limeshachukuliwa, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Tukapandisha hadi 30, saa zilizolala zikaongezeka kidogo tu, tukaiacha hapo.